Vichwa 500: hesabu inayoamua kijiji gani cha India kipate barabara

Ukifungua maelezo ya kijiji chochote cha India utakuta aya ileile, kana kwamba imegongwa muhuri. Kijiji kipo wilaya fulani, jimbo fulani. Kwa sensa ya 2011 kilikuwa na watu kadhaa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, kaya ngapi, watoto wa chini ya miaka saba wangapi. Kituo cha treni kiko umbali fulani, basi hupatikana mji wa jirani. Imeisha. Unaondoka ukidhani umesoma habari mbili, ya watu na ya usafiri, zilizowekwa pamoja kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kusema.

Kumbe ni habari moja. Tangu mwaka 2000 India inagawa barabara za vijijini kwa kuhesabu vichwa, na barabara ikishafika, vichwa vilivyoileta ndivyo vya kwanza kuitumia kuondoka. Ili tuelewane, tuanze na swali linaloonekana la kitoto: kijiji ni nini hasa?

Kijiji kisicho na taa

Kwa karani wa sensa wa India, kijiji si watu wala nyumba. Ni kipande cha ardhi kilichopimwa na kuingizwa kwenye daftari la kodi ya ardhi, kikiwa na mpaka wake, ramani yake na namba yake. Bihar, jimbo la mashariki ninalotaka tulitazame kwa karibu, wanakiita mauza. Watu wakiwemo, sawa. Wasipokuwemo, bado ni kijiji. Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, na zaidi ya 40,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Maofisa wa ardhi wana jina lao la kijiji cha aina hiyo: be-chiragh, kisicho na taa. Sijui ni karani gani wa zamani aliyelibuni, ila alikuwa mshairi aliyepotea njia akaingia ofisini.

Upande wa pili kuna vijiji vyenye watu zaidi ya 10,000 ambavyo bado ni vijiji. Mahali pasipo na halmashauri ya mji, sensa itapaita mji pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: watu wasiopungua 5,000, msongamano usiopungua watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau robo tatu ya wanaume wenye kazi wawe nje ya kilimo. Mwaka 2011 Bihar ilikuwa na watu 1,106 kwa kila kilomita ya mraba, jimbo lililosongamana kuliko yote nchini, kwa hiyo sharti la msongamano huko ni kama halipo. Kinachowabakiza watu kwenye orodha ya vijiji ni jembe. Na ni jembe la mwanamume tu: kazi ya mwanamke haimo kwenye kipimo hicho, hata akishinda shambani kutwa.

Sasa ingia ndani ya mauza. Watu hawakutawanyika sawasawa, wala hawakukaa pamoja. Wamejikusanya kwenye tola: nyumba thelathini hapa, mia moja kule, shamba la mpunga katikati. Mtanzania atasema hicho ni kitongoji, na hatakuwa amekosea sana, isipokuwa kitongoji chetu kina mwenyekiti anayejulikana na barua yako inaanzia kwake. Tola kwenye jedwali la sensa haina hata mstari. Imemezwa na mauza. Na mara nyingi tola zimegawanyika kwa tabaka la kuzaliwa. Wenye ardhi wapo karibu na shule na njia kuu. Wa matabaka ya chini wamesogezwa pembeni, mara nyingi upande wa kusini, hata dakkhin tola, yaani tola ya kusini, imekuwa namna ya kutaja mahali wanapoishi waliotengwa.

Ndiyo maana jedwali linaposema kijiji kina barabara ya lami, swali la kwanza la kuuliza ni: imeishia tola ipi?

Vitabu vya sensa vya kila wilaya vina orodha ya huduma za kila kijiji, na ni usomaji mtamu kwa mtu mwenye subira. Kuna safu ya basi, ya treni, ya bajaji, ya baiskeli ya miguu mitatu, ya barabara ya lami, ya changarawe, ya njia ya miguu. Kama huduma haipo kijijini, hawaandiki kilomita. Wanaandika herufi: a kama inapatikana chini ya kilomita 5, b kama ni kati ya 5 na 10, c kama ni zaidi ya 10. Kijiji chenye c kwenye safu ya basi na c kwenye safu ya hospitali kinaweza kuwa umbali wa kilomita 11, au 50. Herufi haisemi. Wala haisemi kama katikati kuna mto au kilima.

Kilima cha Gehlaur

Gehlaur ni kijiji cha wilaya ya Gaya, kusini mwa Bihar. Ukiitazama wilaya hiyo kwenye ramani utasema haina shida ya usafiri hata kidogo. Mji wa Gaya umekaa juu ya reli kuu ya Kolkata kwenda Delhi, njia ya mkato iliyofunguliwa mwaka 1906. Barabara kongwe ya Grand Trunk inakatiza wilaya hiyohiyo. Ndege za mahujaji wa Kibuddha kutoka nchi za nje hutua Gaya, kwa sababu Bodh Gaya, mahali Buddha anapoaminika kupata nuru, ipo pua na mdomo. Na reli ndogo ya Gaya hadi Kiul inapita Wazirganj, mji mdogo wenye soko na matibabu.

Tatizo la Gehlaur lilikuwa jiwe. Safu ya vilima ilisimama kati ya tarafa ya Atri na tarafa ya Wazirganj, na anayetaka kuizunguka kwa barabara alikwenda kilomita 55. Wenye haraka walipanda juu kwa miguu, kwenye kijia chembamba cha mawe.

Dashrath Manjhi alikuwa kibarua asiye na ardhi, wa jamii ya Musahar, mojawapo ya jamii zilizosukumwa chini kabisa Bihar. Mkewe, Falguni Devi, alifariki. Simulizi za namna alivyofariki zinatofautiana: wengine husema aliteleza kilimani akimpelekea mumewe chakula, wengine husema aliugua. Zote zinakutana mahali pamoja, kwamba tiba ilikuwa upande wa pili wa kilima. Mwaka 1960 Manjhi alichukua nyundo na tindo akaanza kukikata. Alimaliza mwaka 1982. Pengo aliloliacha lina urefu wa mita 110 hivi, upana wa mita 9, na mahali pengine kina cha zaidi ya mita 7. Safari ya kilomita 55 ikawa 15. Alipofariki Agosti 2007, serikali ya Bihar ilimfanyia mazishi ya kiserikali.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, nami sina ugomvi na mapenzi. Lakini kuna jambo wasimulizi wanaliruka. Katika miaka ile 22 ya nyundo, makarani wa sensa walipita mara tatu: 1961, 1971 na 1981. Mara tatu waliwahesabu watu wa Gehlaur, wakaandika wangapi wanajua kusoma na wangapi ni vibarua wa shamba, wakaondoka. Takwimu zilikuwepo. Hakukuwa na kanuni iliyosema kwamba idadi hii ya watu, mahali hapa, inastahili njia ya kutokea.

Kanuni yenyewe

Kanuni ilikuja tarehe 25 Desemba 2000, siku ya kuzaliwa ya waziri mkuu wa wakati huo, Atal Bihari Vajpayee. Mpango ule uliitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijiji, ukitegemea sehemu ya tozo ya dizeli. Kila makazi ya tambarare yenye watu 500 au zaidi, ambayo hayajafikiwa, yapate barabara inayopitika majira yote. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila ya asili kizingiti kilishushwa hadi watu 250. Baadaye wilaya zilizokuwa na waasi wa Kinaksali, yaani wapiganaji wa kikomunisti, nazo zikalegezewa, Gaya ikiwemo.

Walioiandika kanuni hii walikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mauza ni mtego. Kipimo chao ni makazi, maana yake tola. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko lami yenyewe: kwa mara ya kwanza tola ya pembeni ilisimama kwenye karatasi kwa miguu yake, haikujificha ndani ya wastani wa kijiji.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone hesabu inavyokwenda. Mauza ina watu 1,310 na ipo tambarare. Tola ya kwanza ina watu 780 na barabara inapita mlangoni. Ya pili ina 340, kilomita moja na nusu kutoka hapo, kupita matuta ya mpunga. Ya tatu ina 190, mita 400 kutoka ile ya pili. Kwa jedwali la sensa, kijiji hiki kimefikiwa, mambo yameisha. Kwa kanuni ya barabara, tola ya pili peke yake haitoshi, na ya tatu ndiyo kabisa. Lakini kanuni inaruhusu makazi yaliyo ndani ya mita 500 yajumlishwe. 340 na 190 ni 530. Barabara imepatikana.

Sasa sogeza tola ya tatu mita 200 zaidi. Barabara imepotea, kwa tola zote mbili.

Au igeuze upande mwingine: tola ikiwa ndani ya mita 500 kutoka barabara iliyopo, inahesabiwa tayari imefikiwa. Mita 500 kiangazi ni matembezi ya dakika saba. Agosti, mvua za masika ya huko zikiwa zimejaza mashamba, ni tope la magotini, na mgonjwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne hadi lami inapoanzia.

Kuna na ugumu wa tarehe. Idadi iliyotumika ni ya sensa ya 2001. Tola iliyokuwa na watu 480 mwaka huo ilibaki na 480 machoni pa mpango, hata kama harusi na uzazi viliifikisha 700 miaka kumi na mitano baadaye. Mabaki hayo ndiyo yanayoshughulikiwa na awamu ya nne, iliyopitishwa Septemba 2024: makazi 25,000 hivi, kilomita 62,500, safari hii kwa hesabu ya 2011. Hesabu hiyo nayo ilikuwa na umri wa miaka 13 siku ilipoanza kutumika. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona na haikufanyika.

Pamoja na yote hayo, zaidi ya kilomita 700,000 zimejengwa. Utazitambua kwa mawe ya kilomita yenye kichwa cha rangi ya chungwa (ya barabara kuu za taifa ni ya njano, za jimbo ni ya kijani) na kwa ubao ulioandikwa gharama ya barabara, jina la mkandarasi, na kwamba ni wajibu wake kuitunza kwa miaka mitano. Lami yenyewe kwa kawaida ina upana wa mita 3.75. Trekta la miwa likija mbele yako, mmoja lazima ashuke pembeni.

Kinachopita juu ya lami

Barabara si usafiri. Basi la serikali halifuati lami ya mita 3.75 hadi kwenye nyumba arobaini; abiria hawatoshi. Kinachofika ni chombo cha miguu mitatu. Sisi tunakiita bajaji, kwa jina la kampuni ya Pune inayokitengeneza, na vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wanakijua kuliko wanavyoijua Pune. Huko kwao mara nyingi hakikodiwi na mtu mmoja. Ni daladala: dereva husimama kwenye njia panda au nje ya kituo cha treni na haondoki hadi kijae, na kujaa ni neno lenye upana wake. Watatu nyuma, wawili ubavuni mwa dereva, gunia la vitunguu miguuni, mbuzi akikubaliana na bei. Tusiwashangae; neno letu gari limetoka kwao, na laki yetu pia ni yao, hiyohiyo wanayohesabia watu wa wilaya.

Kwa msichana wa miaka kumi na minne, hata bajaji ni ghali kila siku. Mwaka 2006 serikali ya Bihar ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walifuatilia, wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na pengo lao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale shule ilipokuwa kilomita 3 au zaidi kutoka nyumbani. Ni herufi a na b za kitabu cha sensa zinazungumzwa hapa, si c. Umbali uliowazuia wasichana haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkubwa kwa miguu, kwa msichana anayetembea peke yake.

Na wazazi wao? Hapa matarajio yalikwenda kombo. Wengi waliamini barabara ingenyanyua kilimo: mbolea ingeshuka bei, mboga zingefika sokoni bado mbichi, viwanda vidogo vingechipua. Sam Asher na Paul Novosad, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walitumia kizingiti chenyewe kama mizani. Kijiji chenye watu 495 na chenye 505 ni mapacha; tofauti yao ni kwamba mmoja ana nafasi kubwa zaidi ya kupata lami. Walipowalinganisha mapacha wa namna hiyo, walikuta mavuno, mali na kipato havikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni kazi. Watu waliacha vibarua vya shamba wakaanza kufanya kazi nje ya kijiji.

Mimi sioni kwamba hiyo ni kushindwa kwa barabara. Mwenye eka moja ya mpunga hakuhitaji lori. Alihitaji kufika kwenye eneo la ujenzi mjini saa mbili asubuhi na kurudi kulala kwake.

Wengine hawarudi kulala. Wanaanza na bajaji hadi kituoni, kisha treni ya saa ishirini au thelathini: Delhi, Punjab kupandikiza mpunga wa watu wengine mwezi Juni, Surat kwenye viwanda vya nguo. Wa kaskazini-magharibi mwa jimbo huvuka hadi nchi za Ghuba. Matokeo yanasomeka kwenye safu ya jinsia. Bihar nzima mwaka 2011 ilikuwa na wanawake 918 kwa kila wanaume 1,000; wilaya ya Gopalganj ilikuwa na 1,021. Hawakuzaliwa wasichana wengi zaidi Gopalganj. Baba zao walikuwa hawapo.

Wangapi hasa wako nje, nchi iliwaona kwa macho Machi 2020, ilipofungwa kwa sababu ya korona, kwa taarifa iliyotolewa muda wa saa nne tu kabla. Mabasi na treni zikasimama, na barabara kuu zikajaa watu wanaotembea kwa miguu kuelekea vijiji ambavyo kwenye takwimu za mijini havikuwa vya mtu. Kuanzia Mei 1 serikali ilitoa treni maalumu za vibarua. Zaidi ya treni 4,000 zikabeba watu zaidi ya milioni 6. Bihar na Uttar Pradesh ndizo zilizopokea wengi.

Katika mwaka wa kawaida wanaume hurudi kwa Chhath, sikukuu ya jua inayofuata Diwali kwa siku sita. Wiki hiyo treni za kwenda Bihar hujaa hadi vyooni, shirika la reli huongeza za ziada, nazo zinajaa. Kijiji kinakuwa na watu wake wote kwa siku kama kumi, kisha kinaanza kupungua tena.

Sensa mpya imepangwa, na kwa sehemu kubwa ya nchi saa ya kuhesabia ni usiku wa kuingia Machi 1, 2027. Itatumia simu badala ya karatasi, na itauliza tabaka la kila mtu, jambo ambalo halijafanywa kikamilifu tangu 1931. Makarani watapita nyumba kwa nyumba Februari. Chhath itakuwa na miezi mitatu tangu ipite. Karani atafika kwenye tola akute mama mkwe, mke na watoto. Akiuliza baba yuko wapi ataambiwa Surat, na kwa taratibu za sensa baba atahesabiwa Surat, iwapo karani wa huko atakipata chumba anacholala na wenzake wanane. Hapa tolani vitahesabiwa vichwa vilivyopo. Vikiwa 497, itaandikwa 497.